Kipimo cha DNA Kimeona Nini Kwenye Kabichi Yako?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nachachusha kabichi kwa chumvi, na pia natengeneza mtindi wa kuuza kwa kiasi kidogo. Wateja wananiuliza kila siku kama bidhaa zangu zina probiotiki, yaani vijidudu hai vyenye manufaa kwa afya, nikaona nimalize ubishi: nikapeleka sampuli maabara zipimwe DNA. Kwa kabichi waliotesha bakteria, wakachagua koloni moja, yaani kidoa kimoja cha bakteria, wakaipima kwa kipimo wanachokiita 16S. Ripoti inasema “Lactobacillus plantarum / pentosus / paraplantarum, ulinganifu 99.8%”. Kwa mtindi hawakuotesha kitu, wamenipa mchoro wa asilimia: Streptococcus 71, Lactobacillus 26, wengine 3, na kati ya hao wengine yumo Pseudomonas, jina lililonitia hofu. Je, sasa naweza kuandika “ina probiotiki” kwenye lebo? Na kwa nini kwenye kabichi wameandika majina matatu badala ya moja?

Jibu: Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, maana humo ndimo limejificha jibu la lile la kwanza.

Majina matatu yaliyotenganishwa kwa mikwaju yana maana moja: kipimo kimeshindwa kuamua. Usimlaumu aliyeandika ripoti, amekuwa mkweli kuliko wengi. Programu ya kulinganisha vinasaba hutoa orodha ya majina kuanzia yule anayefanana zaidi, na ni rahisi mno kunakili jina la juu, kuyafuta yanayofuata na kumkabidhi mteja karatasi inayopendeza. Karatasi za namna hiyo zimepita mezani kwangu nyingi: jina moja safi, asilimia kubwa pembeni, na hakuna neno lolote kuhusu ndugu zake waliofungana naye pointi.

Kipimo cha 16S husoma jeni moja tu, ilhali bakteria kama huyu wa kabichi yako ana jeni zipatazo 3,000. Jeni hiyo ina herufi za DNA kama 1,500 na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya ribosomu, mtambo unaounda protini ndani ya chembe. Kila bakteria anayo, hakuna anayeweza kuishi bila yake, na kwa sababu kosa lolote kubwa humo huua, hubadilika polepole sana. Polepole huko ndiko kulikowasaidia Carl Woese na George Fox mwaka 1977 walipotumia molekuli ya 16S kugundua kwamba arkea ni tawi la uhai lililo mbali na bakteria wa kawaida. Lakini kifaa kinachofaa kupima umbali kati ya koo zilizoachana mabilioni ya miaka iliyopita hakiwezi kuwatofautisha watoto wa tumbo moja. Plantarum, pentosus na paraplantarum wanafanana kwenye jeni hii kwa zaidi ya 99%. Mpaka unaotumika siku hizi ni kama 98.7%: ukiwa chini yake, una spishi mbili tofauti, ukiwa juu yake, jeni hii peke yake haina la kusema. Kwa hiyo ile 99.8% iliyokufurahisha haimaanishi kwamba “tuna uhakika kwa 99.8%”. Inamaanisha herufi zilizosomwa zinalingana kwa kiasi hicho na za bakteria mmoja, na za ndugu zake wawili vilevile.

Suluhisho lipo, ni dogo na ni la zamani. Kuna jeni nyingine iitwayo recA ambayo hubadilika haraka kuliko 16S. Watafiti walitunga praima zake, yaani vile vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR, ile njia ya kunakili DNA mara nyingi, ianze kunakili wapi, kwa namna ambayo kila spishi kati ya hizo tatu hutoa kipande cha urefu wake: herufi 318 kwa plantarum, 218 kwa pentosus, 107 kwa paraplantarum. Unaweka matokeo kwenye vishimo vya jeli, unapitisha umeme. DNA ina chaji hasi, hivyo hukimbilia upande wa chanya, na vipande vifupi hupenya jeli haraka kuliko virefu. Baada ya kama dakika arobaini unazima, unaiweka jeli juu ya taa, na pale unaona kistari kimoja kinachong'aa. Pembeni kuna safu ya vistari vya urefu unaojulikana. Kistari chako kikisimama juu kidogo ya alama ya 300, ni plantarum. Kikishuka mpaka jirani na 100, ni paraplantarum. Hakuna kompyuta wala kanzidata, ni jicho tu. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wafanye hiki kabla ya kukimbilia mashine kubwa, na kila mwaka kuna anayenitazama kama mzee aliyepitwa na wakati.

Kikundi cha casei nacho kina tabia hiyo hiyo. Casei, paracasei na rhamnosus hawaachani vizuri kwa 16S, na huhitaji jeni kama tuf, pheS au mutL. Kwa hiyo ukiona ripoti ya siku zijazo inasema “L. casei” bila kutaja jeni nyingine yoyote zaidi ya 16S, uliza.

Halafu kuna suala la jina lenyewe. Tangu Aprili 2020, jenasi kubwa ya Lactobacillus, iliyokuwa na spishi zaidi ya 250 zisizofanana hata kidogo, imegawanywa. Zilizaliwa jenasi mpya 23. Plantarum sasa anaitwa Lactiplantibacillus plantarum, rhamnosus na casei wako Lacticaseibacillus, reuteri na fermentum wako Limosilactobacillus, brevis yuko Levilactobacillus. Bulgaricus wa yogati amebaki Lactobacillus halisi. Ripoti yako inatumia jina la zamani. Si kosa la kufa mtu, bakteria hajabadilika, ila inakuonyesha kwamba kanzidata waliyolinganisha nayo, au kiolezo cha ripoti yao, hakijasasishwa siku nyingi. Herufi L. imehifadhiwa kwa makusudi kwenye majina yote mapya ili “L. plantarum” iendelee kusomeka, na hapo waliobadilisha majina walituonea huruma. Jina la kuliogopa kweli ni “Lactobacillus sporogenes”, ambalo bado linachapishwa kwenye makopo ya virutubisho. Bakteria wa jina hilo kwenye orodha rasmi hayupo. Anayekuwa ndani ni bakteria wa mbegu sugu aliyejulikana kwa muda mrefu kama Bacillus coagulans, na lactobasila hawatengenezi mbegu kabisa.

Sasa mtindi. Hapa maabara ilichukua mtindi wenyewe, ikavunja chembe zote kwa pamoja, ikatoa DNA yote, ikanakili kipande cha 16S cha kila aliyekuwemo, kisha mashine ikasoma maelfu ya nakala na kuzipanga kwa makundi. Uzuri wa njia hii ni kwamba inawaona hata wale wasiokubali kuota kwenye sahani. Ubaya wake ni kwamba asilimia zinaonekana kama sensa, na si sensa.

Fikiria uchaguzi ambao baadhi ya watu wana kura moja na wengine wana kura tisa. Ndivyo ilivyo. Lactobacillus bulgaricus ana nakala 9 za jeni ya 16S kwenye jenomu yake, yaani DNA yake yote, plantarum ana 5, wapo bakteria wenye 1 tu na wapo wanaofikia 15. PCR hunakili kila inachokikuta bila kujali nakala tisa zimetoka kwenye chembe moja. Pili, bakteria wa asidi ya laktiki wana ukuta mnene. Maabara ikitumia njia laini ya kutoa DNA, wenye ukuta mgumu hubaki wamefunga milango na hawahesabiwi. Ndiyo maana tunatumia lisozaimu ya kutafuna ukuta, au tunazitikisa chembe kwa kasi pamoja na shanga ndogo za kioo mpaka zipasuke. Tatu, maziwa yenyewe yanaibana PCR: mafuta yanasumbua, na kalsiamu inagombania nafasi na magnesiamu ambayo kimeng'enya cha kunakili hakifanyi kazi bila yake. Sampuli isiyosafishwa vizuri hutoa matokeo hafifu, na sampuli hafifu ndiyo inayoalika uchafu.

Hapo ndipo Pseudomonas wako anapoingia. Ana njia tatu za kufika kwenye ripoti. Huenda alikuwa kwenye maziwa mabichi, kwa sababu ni bakteria anayependa baridi na hukua maziwa yakikaa kwenye jokofu. Ulipoyachemsha akafa, DNA yake ikabaki. Huenda yumo hai, ameingia baada ya kuchemsha kupitia maji au vyombo, na hilo ni tatizo la usafi. Au huenda hakuwahi kuwa kwenye mtindi wako hata siku moja, bali alitoka kwenye vitendanishi vya maabara. Usidhani natania. Nikiwa mgeni kwenye kazi hii nilikaa wiki nzima nikiwa na furaha ya kitoto kwa sababu nilikuwa nimempata bakteria wa ajabu kwenye maziwa, tena kwenye kila sampuli. Siku ya kuandika ndipo nilipofungua matokeo ya tyubu ya mwisho, ile niliyokuwa nimeweka maji matupu na kuipitisha hatua zote kama nyingine. Bwana yule alikuwa amekaa humo, tena mwingi kuliko kwenye maziwa. Alikuwa mkazi wa vitendanishi vya kutolea DNA, na mimi ndiye niliyekuwa nimemleta.

Kwa hiyo waombe maabara matokeo ya kontroli tupu, yaani tyubu ya maji matupu kama ile yangu. Kama hawakuiendesha, zile asilimia 3 zako hazina maana yoyote, wala ya kukutisha wala ya kukutuliza. Kama waliiendesha na Pseudomonas hayumo, otesha mtindi kwenye sahani ya kumtafuta yeye hasa. Bakteria aliye hai ataota.

Utaona pia kwamba mchoro ulikupa jenasi tu, Streptococcus na Lactobacillus, bila spishi. Mashine nyingi za kazi hii husoma kipande kifupi cha 16S, mara nyingi sehemu ziitwazo V3 na V4, herufi kama 460 kati ya zile 1,500. Ikiwa jeni nzima ilishindwa kuwatofautisha ndugu watatu wa kabichi, theluthi yake itaweza wapi? Zipo mashine zinazosoma jeni nzima kwa mkupuo mmoja, na hizo hukaribia spishi zaidi, ingawa kikwazo cha ndugu wanaofanana kinabaki palepale. Ikiwa ulianzisha mtindi wako kwa kianzio cha yogati, karibu hakika unaowaona ni Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, jozi ile ile inayotengeneza yogati kila mahali.

Kwenye kabichi, ukishawishika siku moja kuipima kwa njia hii ya jumla, jiandae kukutana na kundi liitwalo Cyanobacteria likichukua sehemu nzuri ya mchoro. Hao si wavamizi. Kloroplasti ya mmea ina asili ya bakteria wa kale aliyemezwa na kufugwa, na mpaka leo imebeba 16S yake mwenyewe. Mitokondria nazo vivyo hivyo. Praima za kawaida hazijui tofauti. Unakuwa umelipa ili uambiwe kwamba kabichi ni kabichi. Maabara zinazojua kazi huondoa nakala hizo kabla ya kupiga hesabu, au huongeza kizuizi kinachozuia DNA ya mmea isinakiliwe.

Zaidi ya hapo, kabichi haina jibu moja. Siku za mwanzo hutawaliwa na Leuconostoc mesenteroides, anayetoa gesi na asidi. Asidi inapopanda, yeye mwenyewe hushindwa kuivumilia, na nafasi huchukuliwa na akina brevis na plantarum, wanaomalizia kazi. Sampuli ya siku ya tatu na ya wiki ya tatu kutoka chombo kimoja zinaweza kutoa ripoti mbili ambazo mtu asiyejua angedhani ni za bidhaa mbili. Andika tarehe kwenye kila tyubu, na upime bidhaa katika hali ambayo mteja ataila.

Nimesema neno “hai” mara kadhaa. DNA haijui kama mwenyewe yuko hai. Pasha moto chombo cha kabichi mpaka kila kiumbe kife, kisha ukipime kwa 16S: utapata ripoti nzuri kama ya jana. Hili kwa mtu anayetafuta probiotiki si jambo dogo. Njia mojawapo ya kulizunguka ni kutia kemikali ifupishwayo PMA kabla ya kutoa DNA. Kemikali hii haiwezi kupenya utando wa chembe iliyo hai, lakini hupenya utando uliotoboka, ikajishikiza kwenye DNA. Ukiimulika kwa mwanga mkali inaifunga kabisa, na DNA hiyo haiwezi tena kunakiliwa na PCR. Kinachobaki kusomeka ni cha wale ambao utando wao ni mzima. Mimi huitumia, lakini siiamini sana kwenye vyakula vizito na vyenye rangi, kwa kuwa mwanga haupenyi sawasawa.

Kwa mzalishaji mdogo, sahani bado ndiyo mfalme. Unachukua gramu 10 za kabichi, unaziponda ndani ya maji yenye chumvi kidogo yaliyotakaswa, unayapunguza makali mara kumi, mara kumi tena, na tena, kisha unamwaga tone kwenye agari ya MRS, lishe iliyobuniwa mwaka 1960 kwa ajili ya lactobasila na bado haijapata mpinzani wa kweli. Unafunika bila hewa kwa siku mbili au tatu. Ukifungua, unakuta vidoa vyeupe-krimu, vimebinuka kama matone ya nta, na harufu ya uchachu inakupanda puani. Hesabu vidoa, zidisha kwa makali uliyopunguza, na una idadi ya walio hai kwa gramu. Chukua kidoa kimoja, kidondoshee haidrojeni peroksaidi: kisipotoa povu, uko kwenye njia, kwa sababu bakteria wa asidi ya laktiki kwa kawaida hawana kimeng'enya cha kuivunja. Koloni hilo hilo ndilo unalopeleka kwenye DNA. Sahani na DNA hufanya kazi pamoja, na anayekuuzia kimoja kama mbadala wa kingine anakupunja.

Haya, probiotiki. Mwaka 2001, wataalamu walioitwa na FAO na WHO huko Córdoba, Argentina, waliweka maana ambayo, baada ya marekebisho madogo ya maneno mwaka 2014, bado ndiyo tunayoitumia: vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea aliyevipokea manufaa ya kiafya. Angalia maana hiyo ilivyojengwa. Kuwa hai, sahani itakuambia. Kiasi, sahani itakuambia. Manufaa ya kiafya hayasomeki kwenye jeli, kwenye jeni moja wala kwenye jenomu nzima. Huonekana kwa watu waliopewa na watu wasiopewa, wakafuatiliwa kwa utaratibu. Na manufaa hayo huhesabiwa kwa streni, yaani ukoo mmoja mahsusi ndani ya spishi, sio kwa spishi nzima.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapoteleza, hivyo niache nikae kidogo. Streni maarufu kuliko zote huenda ikawa Lacticaseibacillus rhamnosus GG, iliyotengwa miaka ya 1980 na Sherwood Gorbach na Barry Goldin. Herufi mbili za mwisho ni za majina yao. Iko streni nyingine ya spishi hiyo hiyo, LC705, inayotumika kwenye maziwa. Ukizipima kwa 16S, zote utaambiwa rhamnosus, na ni kweli. Mwaka 2009 jenomu zao mbili zilisomwa na kulinganishwa. GG ilikutwa na kundi la jeni liitwalo spaCBA, zinazotengeneza vinyweleo juu ya chembe, na vinyweleo hivyo ndivyo vinavyoisaidia kung'ang'ania ute wa utumbo. LC705 haikuwa na jeni hizo. Ukichukua majaribio yaliyofanywa kwa GG ukaibandikia LC705 kwa sababu wanaitwa jina moja, umemkabidhi mtu cheti cha ndugu yake.

Wakati mwingine tofauti ni ndogo zaidi ya hapo. Streni mbili za Bifidobacterium animalis wa nususpishi lactis, Bl-04 na DSM 10140, zilipolinganishwa mwaka huo huo wa 2009, jenomu zenye herufi karibu milioni 1.94 kila moja, zilikutwa zimeachana kwa herufi moja moja 47 tu, na vipande vinne vilivyoongezeka au kupungua. Hakuna kipimo cha jeni moja kitakachoona hilo. Ndiyo maana leo anayesema “streni” bila kusoma jenomu nzima anabahatisha. Kwa ngazi ya spishi pia jenomu ndiyo mwamuzi: jenomu mbili zikifanana kwa wastani wa 95 hadi 96% na kuendelea, tunazihesabu spishi moja, na mikwaju yote ya ripoti yako inafutika.

Wala usidhani makampuni yenye maabara zao ni salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima bidhaa 16 zilizodai kuwa na bifidobakteria. Ni moja tu iliyolingana na lebo yake kikamilifu katika sampuli zote.

Jibu la lebo, basi. Hapana, kwa ripoti hizi mbili usiandike “ina probiotiki”. Kwenye kabichi unajua kundi la spishi, hujui streni, na hakuna aliyeijaribu streni yako kwa watu. Kwamba plantarum fulani wameonyesha manufaa kwingine hakumpi huyu wako chochote bado. Unachoweza kusema kwa haki, ikiwa bidhaa haijapashwa moto na hesabu ya sahani inakuunga mkono, ni kwamba ina bakteria hai wa uchachushaji. Kwa maziwa yaliyochachushwa, Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula vya FAO na WHO, inataka bakteria wa kianzio wasipungue milioni 10 kwa gramu, na ukimtaja bakteria mwingine kwa jina kwenye lebo, asipungue milioni 1 kwa gramu mpaka mwisho wa muda wa matumizi. Muhimu ni yale maneno ya mwisho. Usihesabu siku ya kwanza wakati wote wana nguvu. Hesabu siku ya mwisho.

Mtindi wako una nafuu kidogo ambayo wengi hawaijui. Bakteria wale wawili wa yogati wana dai moja la kiafya lililokubaliwa Umoja wa Ulaya: kuwasaidia wenye shida ya kumeng'enya laktosi kuimeng'enya laktosi ya yogati hiyo hiyo. Sharti ni wawe hai, angalau milioni 100 kwa gramu. Sheria za lebo hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo kabla ya kuchapisha chochote waulize mamlaka ya chakula ya kwenu, lakini angalau hapo unajua manufaa gani hasa yanazungumzwa.

Ukiniuliza ni wapi ningeweka pesa ya vinasaba kama ingekuwa yangu, nisingeiweka kwenye kutafuta neno probiotiki. Ningeiweka kwenye usalama. Jenomu ya koloni lako itakuonyesha kama limebeba jeni za usugu wa antibiotiki, kama zile za jamii ya tet au erm, na la muhimu zaidi, zimekaa wapi. Lactobasila wengi kwa maumbile yao hawadhuriki na antibiotiki iitwayo vankomisini kwa sababu ya muundo wa ukuta wao. Hilo halihami na halinitishi. Jeni ya usugu iliyokaa kwenye plasmidi, kale kaduara ka DNA kanakoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, inanitisha. Jenomu hiyo hiyo itakuambia kama kuna jeni za kutengeneza histamini na tiramini, amini ambazo kwenye vyakula vilivyochachushwa huwaumiza watu vichwa na kuwatoa vipele. Hata hapo, jeni ni uwezo. Kuwa nayo si kuitumia, na kwa amini ningeipima bidhaa yenyewe kabla ya kumhukumu bakteria.

Kwa sasa anza na jambo moja. Wapigie maabara uwaulize kama lile koloni la kabichi bado wanalo, maana wengi hutupa sahani baada ya wiki chache. Kama lipo, waombe walihifadhi kwenye gliseroli, nyuzi 80 chini ya sifuri, tyubu mbili, moja kwao na nyingine sehemu nyingine, na juu yake waandike tarehe, chombo ulichochachushia na siku ya uchachushaji. DNA waliyoitoa huenda bado iko kwenye friza yao. Kwa recA inatosha, na jibu litatoka siku hiyo hiyo. Jenomu inaweza kusubiri hata mwaka. Koloni likitupwa, utakuwa na ripoti ya bakteria ambaye huwezi kumpata tena.